Watoto Walirudi Shuleni Kabla ya Paa



Jumamosi iliyopita tulikutana kuzungumza juu ya darasa la watoto wadogo ambalo kikundi chetu kinataka kufungua. Mama mmoja alisimama akasema: "Pesa inatoka katika likelemba yetu, basi watoto wafundishwe Kifaransa tangu siku ya kwanza. Kiswahili wanacho nyumbani." Wengi mlipiga makofi. Mimi nilikaa kimya. Nilipofika nyumbani nilijikasirikia, kwa sababu nilikuwa na neno la kusema na sikulisema. Ni neno refu, na linatoka mbali, katika nchi ndogo inayoitwa Timor ya Mashariki. Leo naliandika hapa, ili kila mmoja alisome kwa utulivu kabla hatujakutana tena.

Wengi wenu mnajua kwamba nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu kabla ya vita. Mwaka 1996 nilikimbia na binti yangu, akiwa na miaka miwili mgongoni. Baba yake hakufika nasi mwisho wa safari. Tuliishi Nairobi. Huko nilipata kazi ya kuandika majina ya wakimbizi, nikajifunza na Kiingereza kidogo kidogo. Kazi hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango: mwaka 2001 nilichukuliwa kuwa mfanyakazi wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, kwenda kusaidia kuandikisha wananchi wa Timor ya Mashariki. Binti yangu nilimrudisha Bukavu kwa mama yangu, kwa maana Nairobi sikuwa na mtu wa kumwachia. Nilijiambia kwamba ni mwaka mmoja tu.

Timor ya Mashariki ni nusu ya kisiwa, kati ya Indonesia na Australia. Kivu Kusini peke yake ni kubwa kuliko nchi hiyo zaidi ya mara nne. Ilitawaliwa na Wareno kwa karne nyingi. Wareno walipokuwa wanaondoka, wananchi walitangaza uhuru wao tarehe 28 Novemba 1975, na siku tisa tu baadaye jeshi la Indonesia likaingia. Lilikaa miaka 24. Tarehe 30 Agosti 1999 watu waliulizwa kwa kura, na zaidi ya 78 kati ya 100 wakachagua kujitenga na Indonesia. Ndipo moto ukaanza. Wanamgambo na askari walichoma miji na vijiji. Watu wapatao 250,000 walivushwa mpaka upande wa magharibi wa kisiwa, wengi kwa nguvu. Zaidi ya shule tisa kati ya kumi ziliharibiwa. Walimu wengi wa sekondari walikuwa Waindonesia, nao walirudi kwao. Nchi ilibaki na watoto, majivu, na walimu wachache wa shule ya msingi.

Nilipofika, moto ulikuwa umezimika zaidi ya mwaka mmoja. Nilipelekwa Lospalos, mbali upande wa mashariki, siku nzima barabarani kutoka mji mkuu Dili. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Nilimwita Mana, neno la Kitetum la kumwita dada, naye aliniita hivyo hivyo. Alikuwa na binti wa miaka 14, mvulana wa miaka sita, na baba yake mzee. Jioni tulikula mahindi yaliyopikwa na boga na choroko, nami nilifikiri sombe ya kwetu.

Shule ya mvulana ilikuwa karibu na nyumba. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi. Wakati huo mabati mapya yalikuwa yamewekwa juu, lakini mwalimu aliniambia kwamba watoto walirudi kabla ya paa. Mwisho wa mwaka 1999, wiki chache baada ya moto, watoto walikuja wenyewe wakakaa ndani ya kuta, juu ya majivu. Yeye alikuwa msichana aliyemaliza sekondari tu. Hakuna aliyemwajiri. Aliona watoto wamekaa, akaingia. Kwa miezi ya kwanza hakupata mshahara, baadaye alipewa mchele, na baadaye ndipo akaandikwa kuwa mwalimu. Mwaka wa masomo ulianza rasmi mwezi wa Oktoba 2000, lakini kwake yeye shule ilikuwa imeanza zamani.

Nilisikiliza habari hiyo nikawakumbuka ninyi, hata wale ambao sikuwa nimewajua bado. Kwetu pia Serikali ilipokosa kulipa, mzazi alitoa prime, mwalimu akaingia darasani, mtoto akasoma. Shule hubebwa na watu kwanza, kisha ofisi hufuata.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo bati haliwezi kutengeneza. Katika nyumba ya Mana kulikuwa na lugha tano. Nyumbani walisema Kifataluku, lugha ya kabila lao. Sokoni na kanisani walisema Kitetum. Yule binti wa miaka 14 alikuwa amesoma miaka yote kwa Kiindonesia. Babu, aliyesoma kidogo enzi za Wareno, alijua Kireno. Na mimi nilikuja na Kiingereza changu cha Nairobi. Viongozi wa nchi walikuwa wameamua kwamba shule irudi kwenye Kireno, wakianza na mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kupanda kila mwaka. Basi yule mvulana wa miaka sita alianza shule katika lugha ambayo, nyumbani mwao, ni mzee mmoja tu aliyeijua. Katika nchi nzima, karibu mtu mmoja kati ya ishirini ndiye aliyeweza kuisema.

Msifikiri viongozi wale walikuwa wajinga. Kireno kilikuwa lugha ya waliopigania uhuru, wakati Waindonesia walikuwa wamekiondoa mashuleni. Kiliwatofautisha na majirani wakubwa. Kilileta pia msaada wa walimu na vitabu kutoka Ureno. Walikuwa na sababu zao, kama sisi tulivyo na sababu zetu za kupenda Kifaransa. Katiba ya mwaka 2002 iliweka Kitetum na Kireno kuwa lugha rasmi, zote mbili. Lakini mtoto wa miaka sita haijui katiba.

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa. Mwalimu alisema salamu kwa Kireno, na watoto zaidi ya arobaini wakajibu kwa sauti kubwa mpaka bati likalia. Nikafurahi. Kisha akamwita mvulana wa Mana, akamwuliza kwa Kireno jambo dogo tu, nyumbani kwao kuna nini. Mtoto alitazama miguu yake. Akarudia swali lenyewe, neno kwa neno, kama wimbo. Mwalimu alitazama mlangoni, kama anayeogopa mkaguzi, halafu akamwuliza tena kwa Kifataluku. Wamama, mtoto yule alifunguka! Alisema juu ya nyati wao wa kufugwa, jinsi wanavyokanyaga tope la shamba la mpunga, na mmoja aliyekufa wakati wa moto, na jinsi babu alivyolia. Mwalimu alishindwa kumnyamazisha. Aliporudi kwenye Kireno, mtoto alikaa chini, akawa kimya.

Jioni mwalimu yule alikuja kwa babu wa Mana na kaye yake. Alikuwa anajifunza usiku yale maneno ya Kireno atakayofundisha asubuhi. Babu alimsahihisha, na mvulana alisikiliza kando ya taa. Nilifikiri: hapa mwalimu na mwanafunzi wako darasa moja.

Kazi yangu ilikuwa kuandika majina. Mama wengi walipofika mezani waliweka alama ya kidole, kisha waliificha mkono chini ya kitenge chao. Mmoja aliniambia, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba zamani, mwaka 1975, aliwahi kuanza kujifunza herufi. Katika mwaka ule chama cha uhuru kilifundisha watu kusoma kwa Kitetum, na wanawake walikuwa na chama chao, OPMT, kilichofundisha wamama kusoma na kulea watoto wadogo wa waliokwenda kazini. Kiongozi wake alikuwa msichana aliyerudi kutoka masomoni Lisbon, Rosa Muki Bonaparte. Aliuawa Dili mwezi ule ule wa Desemba 1975 jeshi lilipoingia. Mama yule alisema alifika kwenye herufi chache tu, ndipo vita ikaja. Alitaka nione kwamba bado anaweza kuandika herufi ya kwanza ya jina lake. Aliiandika mezani kwa kidole, bila wino. Sijasahau.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Mei 2002 nilikuwa Dili, katika uwanja wa Tasitolu, kati ya umati usiohesabika. Kofi Annan alikuwapo, na Xanana Gusmão akawa rais wa nchi mpya. Bendera ilipanda. Nililia na watu ambao lugha yao siijui vizuri. Mwezi uliofuata nilianza safari ya kurudi nyumbani.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe.

Nilimkuta binti yangu ana miaka minane. Alikuwa amerudia mwaka wa kwanza. Alikuwa mrefu, msafi, mama yangu alimtunza vizuri. Lakini alikuwa ananong'ona. Ndani ya nyumba ya bibi yake, mbele ya ugali na sambaza, aliniambia "mama, naomba maji" kwa sauti ya mtu anayeiba. Nilifikiri ananiogopa kwa kuwa nimekaa mbali. Mama yangu alingoja mtoto alale, ndipo akanieleza. Shuleni kwao kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Anayesikika akisema Kiswahili au Mashi huvikwa shingoni, na hukaa nacho mpaka amsikie mwingine amshitaki. Anayebaki nacho jioni huchapwa. Binti yangu, aliyetoka Nairobi bila Kifaransa, alikivaa karibu kila siku. Mwishowe alipata dawa yake mwenyewe: kutosema kabisa. Kwenye buletini waliandika kwamba ni mzito wa akili.

Mama yangu alidhani nitakwenda kugombana na shule. Nilikaa tu. Kwa maana kipande kile cha mbao nilikifahamu. Mimi mwenyewe, miaka ya kabla ya vita, katika darasa langu, nilikuwa nacho. Niliwavika watoto wa wenzangu. Labda kati yenu mnaosoma hapa yupo mama ambaye mtoto wake alikivaa kwa mkono wangu. Hatukufikiri ni ubaya. Tulivikwa tulipokuwa watoto, nasi tukavika. Tuliamini tunawapa Kifaransa. Leo nawaomba msamaha hadharani, kwa jina la mwalimu niliyekuwa.

Ilinichukua mwaka mzima kumrudishia binti yangu sauti. Kila jioni tulisimuliana hadithi za sungura kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, mpaka jirani akauliza kama tunagombana. Baadaye nikamwandikia hadithi zile kwenye kaye, akazisoma. Alipokwisha kusoma kwa Kiswahili, Kifaransa kilimwingia kwa miezi michache, kwa sababu alikuwa anajua tayari kwamba herufi zinasema kitu. Leo yeye ni muuguzi, anaandika Kifaransa kuliko mimi. Lakini anapokuwa na hofu, bado ananong'ona.

Mtauliza, je, Timor waliishia wapi? Nimeendelea kufuatilia habari zao. Shule zilijengwa, watoto wakajaa. Lakini mwaka 2009 walipowapima watoto kusoma, zaidi ya 70 kati ya 100 ya waliomaliza mwaka wa kwanza hawakuweza kusoma hata neno moja la hadithi fupi waliyopewa. Paa lilikuwapo, vitabu vilikuwapo, mwalimu alikuwapo. Lugha ya mtoto ndiyo iliyokuwa imebaki nje ya mlango.

Hawakuficha jambo hilo. Kuanzia mwaka 2012 walijaribu njia nyingine katika wilaya tatu, mojawapo ni ile ya Lospalos: mtoto anaanza kwa lugha ya nyumbani, Kitetum kinaingia kwa mdomo kwanza, kisha Kireno hatua kwa hatua. Wako wazazi waliokataa. Walisema watoto wao watabaki nyuma, wengine walisema ukabila utaigawa nchi. Ni maneno yale yale niliyosikia Jumamosi. Lakini watoto wale walipopimwa baadaye, walifanya vizuri kuliko wengi wa shule nyingine. Na mtaala mpya wa shule ya msingi, miaka michache baadaye, ulikipa Kitetum nafasi ya kwanza katika madarasa ya chini, Kireno kikipanda polepole.

Tena hawakuwasahau wakubwa. Kuanzia mwaka 2007, pamoja na washauri kutoka Cuba, walifungua madarasa ya kusoma kwa watu wazima vijijini kote. Maelfu kwa maelfu walijifunza, na wengi walikuwa wanawake. Ninapenda kufikiri kwamba yule mama wa meza yangu alipata herufi zilizobaki za jina lake.

Nasi kwetu? Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema lugha za taifa, au lugha za mahali, zitumike kufundishia na zifundishwe. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Basi tukianza na Kiswahili hatuvunji sheria, tunaitimiza.

Mama uliyesimama Jumamosi, sikupingi kwa dharau. Unasema kweli: mtihani wa mwisho ni wa Kifaransa, ofisi ni za Kifaransa, na mtoto wa maskini asiyejua Kifaransa hufungiwa mlango. Mimi pia nakitaka Kifaransa. Tunachotofautiana ni mahali pa kukiweka. Mtu hamlishi mtoto mchanga ugali kwa sababu atakula ugali akiwa mkubwa. Anamnyonyesha, na ugali unakuja kwa siku yake.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba tuyajadili tutakapokutana:

Kwanza, watoto wa miaka minne na mitano wafundishwe kwa Kiswahili, na wale wa Mashi wasikatazwe kuuliza kwa Mashi. Kifaransa kiwepo kila siku kwa nyimbo, salamu na michezo, kama nusu saa, bila kuandika.

Pili, hakuna kipande cha mbao, hakuna fimbo kwa ajili ya lugha. Tuandike hivyo katika kanuni zetu, na mwalimu tutakayemchukua atie sahihi.

Tatu, kila mama alete hadithi moja anayoijua. Wanaojua kuandika waiandike kwenye kaye, watoto wakubwa wachore picha. Tutakuwa na vitabu kumi kabla ya kununua hata kimoja.

Nne, mama asiyejua kusoma asione haya. Alasiri watoto wakitoka, meza zile zile ziwe zetu. Mimi nitafundisha siku mbili kwa wiki, bila prime. Ni deni ninalolipa.

Jana mjukuu wangu wa miaka minne, mtoto wa yule binti, aliniuliza kama shule yetu itakuwa na mabati. Nilimwambia pesa bado haijatosha, labda tutaanza chini ya turubai la kanisa. Akasema, "Basi mvua ikija tutaimba kwa nguvu." Alisema kwa sauti kubwa, mpaka mama yake akatoka jikoni kutazama.

Sauti ile ndiyo ninayoitetea. Tuonane Jumamosi.

Ni mimi, mama mwenzenu, mwalimu wa zamani.